Askari wa Kuonekana: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Jeshi la Uingereza Nchini China, 1919–1940

Katika toleo lililopita ukurasa huu ulichapisha picha ya askari wa miguu wa Kiingereza wakiwa wamejipanga kwa gwaride juu ya theluji, masikio yao yamefunikwa kwa kofia za manyoya, na nyuma yao kuna duka lenye maandishi ya Kichina. Maelezo chini ya picha yalisema tu: Tianjin, majira ya baridi. Maneno hayo machache yametuletea barua nyingi kuliko makala ndefu tulizozihangaikia kwa miezi. Nimechagua barua tano, kwa kuwa zilizobaki ziliuliza mambo hayohayo.

Mwalimu, shikamoo. Shuleni tulifundishwa kwamba China haikuwahi kutawaliwa kama koloni. Sasa askari wa Mfalme wa Uingereza walikuwa wakipiga gwaride Tianjin kwa ruhusa ya nani? (Mwanafunzi wa mwaka wa pili)

Marahaba, mwanangu. Ulichofundishwa kwa sehemu kubwa ni kweli, ukiiweka kando Hong Kong, ambayo kisiwa chake kilitwaliwa na Uingereza mwaka 1842 kikawa koloni. Kwingineko ruhusa ilitoka kwenye mikataba, na mikataba hiyo China iliitia saini bunduki zikiwa zimeielekea. Mwaka 1900 wapiganaji wa Yihetuan, ambao Wazungu waliwaita Mabondia, waliuzingira mtaa wa balozi za kigeni mjini Beijing. Majeshi ya mataifa manane yakaingia kuuokoa, yakaupora mji, na tarehe 7 Septemba 1901 serikali ya ukoo wa Qing ikalazimika kukubali itifaki iliyoitoza fidia ya taeli milioni 450 za madini ya fedha (taeli ni kipimo cha uzito cha Kichina) na, jambo linalotuhusu hapa, iliyoyaruhusu mataifa hayo kuweka walinzi wa kudumu kwenye balozi zao pamoja na askari katika vituo 12 vya njia ya kutoka Beijing hadi baharini. Sababu iliyotajwa ni kwamba mabalozi wasije wakazingirwa tena bila njia ya kutokea. Ukoo wa Qing ulianguka, jamhuri ikaja, majenerali wakagawana nchi kama mali isiyo na mwenyewe, lakini kifungu kile kiliendelea kushikiliwa.

Tianjin, ambayo Waingereza wa wakati huo waliiandika Tientsin, ilikuwa katikati ya njia hiyo. Tangu mwaka 1860 Uingereza ilikuwa na konsesheni pale, yaani kipande cha mji kilichokodishwa kwake kwa muda mrefu, chenye baraza lake, polisi wake, bustani iliyoitwa Victoria na jumba la Gordon Hall lililofanana na ngome ya hadithini. Humo ndimo ilimokaa batalioni ya Waingereza, ikitoa walinzi wa kwenda kushika lindo ubalozini Beijing. Majirani wao walikuwa Wafaransa, Waitalia, Wajapani na, hadi mwaka 1938, Wamarekani wa Rejimenti ya 15, kila mmoja na bendera yake na bendi yake ya tarumbeta.

Shanghai ilikuwa na habari nyingine. Makazi ya Kimataifa ya Shanghai yaliongozwa na baraza la manispaa lililotawaliwa na wafanyabiashara wa kigeni, nayo yalijilinda kwa polisi na Kikosi cha Kujitolea, ambacho makarani na mawakala wa bima walikitumikia baada ya saa za kazi. Mambo yalibadilika katikati ya miaka ya 1920. Tarehe 30 Mei 1925 polisi wa Makazi hayo, chini ya afisa Mwingereza, waliwafyatulia risasi waandamanaji wa Kichina na kuwaua kadhaa. Hasira ikaenea nchi nzima kwa migomo na kususia bidhaa za Kiingereza. Mwanzoni mwa Januari 1927 umati uliiingia konsesheni ya Uingereza mjini Hankou, na London, badala ya kupigana, ikaikabidhi kwa Wachina. Serikali ikahofu kwamba Shanghai, yenye mitaji mikubwa zaidi, ingefuata. Ndipo walipopelekwa askari wa brigedi tatu, mojawapo ya Wahindi, chini ya Meja Jenerali John Duncan, wakaizungushia Makazi seng'enge na mifuko ya mchanga. Jeshi la Kuomintang, chama cha wazalendo wa China, liliingia sehemu ya Kichina ya mji mwezi Machi bila kuyashambulia Makazi. Wengi wa askari wale wakaondoka baadaye, ila baadhi wakabaki, na Shanghai ikawa na kambi ya Waingereza hadi mwaka 1940.

Mhariri, mimi ni mstaafu wa jeshi. Siasa nawaachia wenyewe. Nataka habari za kambini: askari alilipwa nini, alikula nini, buti zake alizing'arisha nani? (Askari mstaafu)

Afande, swali lako la buti ndilo lenye jibu la kushangaza kuliko yote, kwa sababu hakuzing'arisha mwenyewe. Kijana aliyefika China miaka hiyo mara nyingi alikuwa mtoto wa mchimba makaa au kibarua aliyekosa kazi viwandani, akajiandikisha miaka saba ya utumishi na mitano ya akiba, akasafiri majuma mengi kwa meli ya jeshi kupitia Suez, Colombo na Singapore, akalala kwenye bembea za turubai ndani ya tumbo la meli, na alipofika hangani alikuta Mchina wa makamo anayetandika vitanda, kusugua shaba za mikanda na kupanga buti mstari mmoja. Kila askari alimtolea senti chache kwa juma. Asubuhi kabla ya tarumbeta kinyozi alipita kitanda hadi kitanda na bakuli la povu, akimnyoa mtu ambaye bado hajafumbua macho. Palikuwa na dobi wa nguo na wanawake wa kushona waliokaa nje ya hanga na vikapu vyao vya nyuzi, wakitia viraka soksi na kukaza vifungo. Mtu ambaye kwao alikuwa wa mwisho katika safu, huku alikuwa bwana mdogo, na wengi walikiri baadaye kwamba jambo gumu kuliko yote lilikuwa kurudi England na kujifunza upya kushika brashi ya viatu.

Hayo yaliwezekana kwa sababu ya mshahara wake, na mshahara huo una kisa. Aliyejiandikisha baada ya mabadiliko ya mwaka 1925 alilipwa shilingi 2 za Kiingereza kwa siku, kabla ya makato. Kwa England hiyo ni pesa ya mtu maskini. China, hata hivyo, ilikuwa bado inatumia sarafu za fedha, na hapa lugha yetu inatusaidia, kwa kuwa fedha yao ilikuwa ni fedha hasa, yaani madini, na thamani yake ilipanda na kushuka kulingana na bei ya madini hayo duniani. Mwaka 1927 dola moja ya Shanghai ilikuwa karibu shilingi 2. Bei ya fedha ilipoporomoka wakati wa mdororo wa uchumi wa dunia, mwanzoni mwa miaka ya 1930, dola hiyohiyo ilishuka hadi karibu shilingi 1. Askari hakuongezewa hata peni, lakini mshahara wake ulinunua takriban mara mbili ya ulivyonunua awali. Mchina aliyemng'arishia buti, ambaye alilipwa kwa dola za fedha na senti za shaba, hakuliona pato hilo. Baadaye Marekani ilianza kununua fedha kwa wingi mwaka 1934, bei ikapaa, sarafu zikakimbia nje ya China, na Novemba 1935 serikali ya China, iliyokaa Nanjing, ikaachana kabisa na sarafu za fedha na kutumia noti.

Lingine lililomwezesha kuishi juu ya kimo chake, na pia kumzamisha, ni vikaratasi vya deni. Katika miji hiyo Mzungu hakulazimika kubeba pesa, kwani aliandika jina lake kwenye kikaratasi, akanywa, na mwisho wa mwezi mwenye baa alileta rundo la vikaratasi hivyo. Desturi hiyo iliwafaa wafanyabiashara na maafisa, lakini ilikuwa hatari kwa kijana wa miaka ishirini. Shanghai ilikuwa na mtaa mfupi katika konsesheni ya Wafaransa, Rue Chu Pao San, uliojaa baa tupu, ambako mabaharia na askari wa mataifa yote walikutana, wakapigana ngumi, na kubebwa na polisi wa jeshi. Palikuwa na kumbi za dansi ambamo mteja alinunua tiketi, na kila tiketi ilimpa wimbo mmoja na mwanamke wa kucheza naye, mara nyingi Mrusi aliyekimbia mapinduzi ya mwaka 1917 na aliyebaki bila uraia wa nchi yoyote. Madaktari wa jeshi waliyapigia kelele magonjwa ya zinaa kuliko kipindupindu, na bila penisilini, ambayo ilikuwa bado haijawa dawa, tiba ya kaswende ilikuwa mfululizo wa sindano zenye arseniki, jambo la miezi mingi.

Kazi yenyewe ilikuwa lindo, gwaride na michezo. Konsesheni ilikuwa ndogo mno kwa mazoezi ya vita, batalioni haikuwa na pa kutawanyikia. Kwa hiyo alasiri zilikuwa za mpira, magongo na ndondi, na maafisa walipanda farasi wafupi kutoka Mongolia, wanyama wakaidi wenye manyoya mazito, na kuwashindanisha kwenye viwanja vya mbio ambavyo vilikuwa moyo wa jamii ya wageni. Nisamehe nikisema kwamba farasi hao wanatajwa kwa upendo zaidi kuliko watumishi katika kumbukumbu nyingi za maafisa.

Hali ya hewa ya Tianjin haikumhurumia mtu. Wakati wa baridi mto Hai uliganda, wenyeji wakawasukuma abiria juu ya barafu kwa vigari vya kuteleza, na askari wa lindo la usiku alivaa koti la ngozi ya kondoo linalogusa buti. Machipuko yalileta vumbi la manjano kutoka nyanda kavu za kaskazini, likaingia kwenye chai na kwenye mitutu ya bunduki. Kiangazi kilipofika, kombania zilipelekwa kwa zamu hadi Shanhaiguan, mahali ambapo Ukuta Mkuu wa China unaishia baharini. Huko walipiga shabaha asubuhi na kuogelea mchana chini ya mawe ya ukuta uliojengwa ili kuwazuia wageni wenye silaha wasiingie China. Januari 1933 Wajapani waliuteka mji huo.

Je, askari hawa walikuwa na wake zao huko, au walioa wenyeji? (Msomaji wa kike)

Dada, wachache tu walikuwa na wake, na jeshi lilihakikisha hivyo. Askari alihitaji idhini ya mkuu wake ili aoe, na ili aingizwe katika orodha ya wenye ndoa, apate nyumba na posho ya familia, ilimpasa awe ametimiza umri wa miaka 26. Aliyeoa kabla ya hapo au bila idhini, mkewe hakutambuliwa na jeshi, asipewe nyumba wala nafasi kwenye meli ya kurudi. Wake waliotambuliwa, wa masajini na maafisa, waliishi vizuri kupita walivyowahi kuota: mpishi, yaya, mtumishi wa mezani, na siku ndefu za kiangazi Beidaihe ufukoni.

Ndoa na wanawake wa Kichina zilizuiwa zaidi na dharau ya kijamii kuliko kanuni, kwa kuwa afisa aliyefanya hivyo aliharibu kazi yake, na askari wa kawaida angehamishwa tu kabla ya harusi. Wanawake wa Kirusi walikuwa kundi la katikati: walikuwa Wazungu machoni pa wakuu, lakini walikuwa wakimbizi, na kwao pasi ya kusafiria ya Kiingereza ilikuwa mahari yenye thamani kuliko dhahabu. Ukumbuke pia mazingira yenyewe. Hadi Juni 1928 bustani ya umma ya Shanghai kando ya mto Huangpu haikuwaruhusu Wachina kuingia, isipokuwa mayaya waliofuatana na watoto wa Kizungu, ingawa ushuru wao ulichangia kuitunza.

Waliwahi kupigana kweli, au walikaa tu miaka ishirini? (Msomaji wa siku nyingi)

Mzee wangu, hawakuwekwa pale ili wapigane, bali waonekane. Hakuna aliyedhani kwamba batalioni moja Tianjin ingelizuia jeshi la jenerali yeyote wa Kichina aliyeamua kwa dhati. Thamani yake ilikuwa kwamba kumgusa askari mmoja ni kuigusa dola nzima ya Uingereza. Hesabu hiyo ilifaa mradi kila mtu aliiamini.

Kwa hiyo vita walivitazama. Kuanzia tarehe 28 Januari 1932 hadi Machi, Wajapani waliipiga Zhabei, kaskazini tu ya Makazi ya Kimataifa ya Shanghai, na Waingereza wakalinda mpaka wao huku moshi ukipita juu ya vichwa vyao. Agosti 1937 vita vikarudi vikiwa vikubwa mara nyingi zaidi. Batalioni ziliongezwa kutoka Hong Kong, zikachimba mahandaki kando ya kijito cha Suzhou, na makombora yasiyowalenga yaliwapata hata hivyo: Oktoba mwaka huo askari wa rejimenti ya Royal Ulster Rifles waliuawa kwenye vituo vyao.

Kisa kinachostahili kusimuliwa ni cha ghala la Sihang. Mwisho wa Oktoba 1937 jeshi la China liliondoka Zhabei, likaacha nyuma watu mia nne na ushee chini ya Luteni Kanali Xie Jinyuan ndani ya ghala la zege lenye kuta nene, ukingoni mwa kijito. Ng'ambo ya maji, kwa umbali ambao mtu angeweza kurusha jiwe, ilikuwa Shanghai ya wageni, na maelfu ya wakazi walikuja kusimama ukingoni kuangalia. Wajapani walisita kutumia mizinga mizito, kwa kuwa kombora lililokosea lingeangukia Makazi. Askari wa Kiingereza walikuwa na kituo chao kwenye daraja lililo karibu kabisa na ghala, wakaona kila kitu kwa macho yao: mashambulizi, bendera iliyopandishwa juu ya paa, majeruhi. Baada ya siku nne Meja Jenerali Telfer-Smollett, mkuu wa majeshi ya Uingereza mjini, akawa kati katika mapatano ya kuwaondoa, na usiku wa kuondoka Wachina wale walikimbia kwa makundi madogo kuvuka barabara iliyomulikwa na taa za Wajapani na kufagiliwa na risasi, hadi nyuma ya mifuko ya mchanga ya Waingereza. Walidhani wangeruhusiwa kwenda kujiunga na wenzao. Wakanyang'anywa silaha na kufungiwa kambini ndani ya Makazi kwa miaka minne, kwa kuwa Wajapani walitishia na baraza la manispaa likaogopa. Askari waliowapokea kwa heshima usiku ule hawakuulizwa maoni yao.

Kwa nini waliondoka, na lini? Nimesoma mahali kwamba walifukuzwa na Wajapani. (Mwalimu wa sekondari)

Mwalimu mwenzangu, hawakufukuzwa kwa risasi, lakini mwaka wao wa mwisho Tianjin ulikuwa wa kudhalilishwa. Aprili 1939 meneja wa benki iliyoanzishwa na Wajapani aliuawa ndani ya konsesheni ya Uingereza. Wachina wanne walituhumiwa na Wajapani, Waingereza wakakataa kuwatoa, na tarehe 14 Juni Wajapani wakaifunga konsesheni kwa vizuizi. Kila aliyetaka kutoka au kuingia alipanga foleni juani; Waingereza, wanaume na hata wanawake, walivuliwa nguo na kupekuliwa mbele ya watu, mboga na maziwa vikazuiwa. Batalioni ilikuwa palepale, na bunduki zake safi, na haikuweza kufanya lolote, kwani nyuma yake hapakuwa na meli za kivita. London ilizihitaji zote Ulaya dhidi ya Ujerumani na Italia. Agosti mafuriko yakaja, konsesheni ikawa ndani ya maji kwa majuma, walinzi wakapiga doria kwa mashua. Septemba, vita vya Ulaya vikiwa vimeanza, watu wale wanne walikabidhiwa, na wakauawa. Vizuizi havikuondolewa hadi Juni 1940.

Mwezi huohuo Ufaransa ilianguka, na tarehe 9 Agosti 1940 Uingereza ilitangaza kwamba inaondoa askari wake Shanghai, Tianjin na Beijing, kwa maelezo kwamba wanahitajika kwingineko. Kabla Agosti haijaisha walikuwa wamekwishapanda meli, askari wa rejimenti ya East Surrey wa Shanghai wakielekea Singapore. Walioponea mapigano ya Malaya walitiwa mbaroni Singapore iliposalimu amri tarehe 15 Februari 1942. Hong Kong ilikuwa imeanguka siku ya Krismasi iliyotangulia. Shanghai ilibaki na mashua ndogo ya kivita, Peterel, ambayo nahodha wake alikataa kujisalimisha alfajiri ya tarehe 8 Desemba 1941, ikazamishwa kwa mizinga ya karibu.

Nirudi kwa mwanafunzi wetu wa barua ya kwanza, aliyeuliza habari za ruhusa. Itifaki ya 1901 ilifutwa na Uingereza kwa mkataba uliotiwa saini Chongqing tarehe 11 Januari 1943, pamoja na haki zake katika konsesheni za Tianjin na Guangzhou na Makazi ya Shanghai. Siku hiyo Tianjin, Guangzhou na Shanghai zote zilikuwa mikononi mwa Wajapani.